Mkwaju Kati ya Mzazi na Mlezi

Karibu kila fomu inayomhusu mtoto Tanzania, iwe ya shule, ya zahanati, ya polisi au ya ustawi wa jamii, ina mstari mmoja unaofanana: Jina la mzazi/mlezi. Ile alama iliyoegemea kati ya maneno mawili tunaiita mkwaju. Mkwaju ni mti, mkwaju ni fimbo, mkwaju ni shuti la penalti, na kwenye karatasi ni kistari kinachosema kwamba yeyote kati ya hawa wawili anatosha. Mara nyingi kweli anatosha. Anayeleta mchango wa chakula cha shule anaweza kuwa baba, shangazi au jirani, na mwalimu anayepokea hana haja ya kuuliza. Lakini mstari huo huo ukifika mezani kwa afisa ustawi wa jamii, baada ya mtoto kupigwa, kubakwa, kutoroka au kukutwa amelala sokoni, kistari kile ndicho swali lenyewe. Nani hasa anamlea? Nani alikuwa anamlea mwezi uliopita? Nani angemlea kama angepata nauli ya kumfuata?

Watu wengi huiona kazi ya kulinda watoto kuwa kazi ya kuokoa: simu imepigwa, gari limefika, mtoto katolewa. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya kusikiliza, kuandika ulichosikia, kumpelekea mwingine ulichoandika, kisha kurudi ulikotoka. Hakimu hakumwona mtoto akiwa nyumbani kwao, anasoma ripoti. Afisa mpya aliyehamishiwa halmashauri hakumjua bibi wa mtoto, anasoma jalada. Kwa hiyo nadhani ni halali kuyahakiki maandishi haya kama tunavyohakiki mengine. Msimulizi ni nani? Nani kapewa jina na nani kaachwa nje? Hadithi imeanzia wapi, na imekatwa wapi? Nimechagua kuyasomea Kigoma, kwa sababu huko ziwa limeipa familia umbo ambalo fomu zetu haziliwezi.

Tuanze na maandishi yenye nguvu kuliko yote, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Wanaoilaumu huichukulia kama orodha ya haki zilizoletwa kutoka nje, na ni kweli kwamba kwa miaka mingi afisa mtendaji wa kijiji aliijua kwa kusimuliwa kwenye semina tu, maana iliandikwa kwa Kiingereza. (Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021, miaka 12 baadaye.) Lakini ukiisoma polepole utaona si sheria ya kunyang'anya watoto. Kifungu cha 7 kinampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Tafsiri yake ya mzazi haiishii kwa aliyezaa. Inamgusa pia mtu aliyekabidhiwa mtoto. Kifungu cha 94 kinaitwisha halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto waliomo kwenye eneo lake, na cha 95 kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka hiyo ya mtaa.

Vifungu viwili vinavyofuatana, cha 18 na cha 19, ndivyo vinavyonivutia zaidi. Cha kwanza kinahusu amri ya matunzo: mtoto anaondolewa mahali anapoumizwa, na afisa anachukua mamlaka ya mzazi. Cha pili kinahusu amri ya uangalizi: mtoto anabaki nyumbani kwao, mikononi mwa mzazi wake, na afisa anamfuata huko huko ili madhara yasitokee. Cha kwanza kinahitaji gari siku moja. Cha pili kinahitaji miguu kwa miezi. Sheria imeviweka bega kwa bega kana kwamba vina uzito sawa. Bajeti haikuviweka hivyo. Mambo mengi nitakayoyasema hapa yanatokana na pengo hilo.

Sasa ziwa. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma, kwenye halmashauri 8. Ramani ya ofisi inawagawa kwa wilaya, kata na vijiji, lakini mwambao una ramani yake. Kaskazini ya mji, kupita Gombe, kuna Mwamgongo na Kagunga, ambako kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa boti. Kusini kuna Sigunga, Buhingu, Kalya, mpaka unaingia mikoa mingine na kufika Kirando ya Rukwa. Ng'ambo kuna Kalemie na Uvira. Mvuvi wa dagaa huifuata samaki, na huvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukikomaa na mbalamwezi ikatanda, dagaa hawavutwi na taa, nyavu zinapumzika na wanaume wanarudi nyumbani au wanalala kambini. Mama hukausha, hununua, hupanda na mzigo kwenda Kasulu au mbali zaidi. Mtoto hubaki kwa bibi Ujiji, kwa shangazi Kibirizi, kwa mama mkubwa. Hiyo si familia iliyovunjika. Ni familia iliyopangwa kufuata ziwa, na mara nyingi imepangwa vizuri, mpaka kitu kimoja kinapokatika: bibi anafariki, simu inapotea, samaki wanahama, au shangazi anaolewa.

Au Serikali inafunga ziwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ziwa lilihitaji kupumua. Kwenye karatasi ulikuwa uamuzi wa uvuvi. Ndani ya nyumba, baba kurudi kwa miezi mitatu bila fedha ni jambo la ustawi wa jamii, na afisa ustawi wa jamii ndiye mtumishi ambaye angepaswa kuwa na la kusema kabla tangazo halijasomwa.

Neno ambalo jalada hulitumia kwa familia ya namna hii ni kutelekeza. Ni neno zito na sahihi likitumika mahali pake. Wapo wanaume waliowatelekeza watoto wao kweli kweli, mwambao wote unawajua. Tatizo ni kwamba kwenye ripoti neno hili huja mapema mno, kabla hatujaambiwa chochote. Tutunge shauri moja, la mfano tu, na tuliandike kwanza kwa lugha ya ofisi:

Mtoto tajwa hapo juu, jinsia ya kike, umri miaka 13, ametelekezwa na baba yake mzazi. Mama ni mfanyabiashara mdogo na hana uangalizi wa karibu. Mtoto ni mtoro shuleni na ana tabia ya kuzurura mwaloni nyakati za usiku. Mzazi/mlezi alipewa ushauri nasaha. Inapendekezwa mtoto apelekwe kwenye makao.

Yeyote aliyefanya kazi na karatasi za Serikali anaijua sauti hii. Haina uongo ndani yake. Sasa tuliandike shauri lile lile kwa namna nyingine:

Mtoto ana miaka 13, anaishi Katonga na mama yake na wadogo zake wawili. Baba yuko kambi ya uvuvi Kirando tangu mwezi wa tatu. Ametuma fedha mara mbili, ya mwisho wiki sita zilizopita, na simu yake hupatikana jioni. Mama huondoka Alhamisi na mzigo wa dagaa kwenda Kasulu, hurudi Jumamosi. Siku hizo mtoto ndiye mkubwa wa nyumba. Haendi shule, na usiku hushuka mwaloni kuokota dagaa wanaomwagika ili wadogo zake wale. Mwaloni kuna mwanamume anayempa fedha bila kazi yoyote; mtoto hakutaka kueleza zaidi mbele ya mama, nitarudi kuzungumza naye peke yake. Shangazi yake, dada wa baba, anaishi Rusimbi, Ujiji. Anasema angewapokea watoto Alhamisi hadi Jumamosi kama wangekuja na unga.

Ripoti ya pili si ya huruma zaidi kuliko ya kwanza. Ni kali zaidi. Ya kwanza haikumwona yule mwanamume. Ilimwona msichana usiku, ikaandika kuzurura, na kwa neno hilo moja lawama ikahamia kwa mtoto. Ya pili imeona hatari halisi, na papo hapo imeona mahali pa kupata msaada, na gharama yake: unga wa siku tatu kwa juma. Imemtaja shangazi. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa kweli, na ndiyo kazi ya afisa: kukataa jina la jumla mpaka ajue la mahususi. Kama ningepewa nafasi ya kugusa fomu, ningeufuta ule mstari wenye mkwaju na kuweka mitatu: Analala kwa nani leo? Chakula cha leo kimetoka kwa nani? Mama asipokuwepo, akiumwa usiku anamwamsha nani?

Lakini ripoti ya pili inahitaji ziara tatu, na hapo ndipo uhakiki wa lugha peke yake unakuwa dhuluma. Afisa anayeandika "ushauri nasaha ulitolewa" si lazima awe mvivu wa kufikiri. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, imekuwa ikifundisha kwa miongo kadhaa namna ya kuisoma familia, wahitimu wanajua. Serikali yenyewe imekiri mara nyingi kwamba maafisa ni pungufu kuliko wanaohitajika. Afisa aliyepo ana mashauri ya ndoa, wazee, watu wenye ulemavu, misamaha ya matibabu hospitalini, mikutano, na taarifa ya robo mwaka. Usafiri wa halmashauri unatumika kwingine. Nauli ya boti anatoa mfukoni. Mtu huyo akiandika kwa ufupi, ufupi wake ni wa pumzi.

Na taarifa ya robo mwaka inamtaka nini? Matukio. Hapa lazima niwe mwangalifu, maana kuhesabu matukio kulikuwa hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa 2009 na kutolewa 2011 ulisema hadharani jambo ambalo nchi ilikuwa ikilisema chini ya kanga: karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na takribani robo tatu ya wote, wake kwa waume, walipigwa au kuumizwa mwili. Bila takwimu zile pengine tusingekuwa na mpango wa taifa tunaouita MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, wala kamati zake zinazoshuka hadi kijiji na mtaa. Madawati ya jinsia na watoto polisi, simu 116 ambayo mtoto anaweza kuipiga bure, vituo vya mkono kwa mkono hospitalini, vyote vimefungua masikio. Mpango wa Pamoja wa Kigoma wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ulioanza 2017, uliliweka suala la ukatili dhidi ya wanawake na watoto kuwa moja ya maeneo yake ya kazi. Sizidharau kazi hizi. Ninachosema ni kwamba tukio lina tarehe, na familia haina tarehe. Mfumo unaojua kuhesabu tarehe utaona kesi imefunguliwa, kesi imefungwa, na hautaona Alhamisi zote zilizopita kati yake.

(Aside ya mkwaju ule mwingine, wa kuchapia. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mateso, kisha kinaacha mlango kwa adhabu isiyopita kiasi cha umri na hali ya mtoto. Na Kanuni za Viboko za 1979, zilizorekebishwa 2002, bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne shuleni kwa idhini ya mkuu wa shule. Afisa anamwendea mama Gungu kumwambia asimchape mtoto; mtoto anatoka hapo anakwenda kuchapwa kwa idhini. Sijui mama yule amsikilize nani.)

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa kwa namna tofauti, huna haja ya kwenda Ulaya. Panda gari kwenda Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Mwaka 2015 wakaja Warundi. Walimiminika kwanza Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, makumi ya maelfu kwenye ufukwe usiowatosha. Kipindupindu kikawakuta hapo. MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyowahi kuzamishwa na kuibuliwa, ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, ambako walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kwenda kambini. Katika msukosuko ule watoto wengi waliachana na wakubwa wao. Kazi iliyofuata, ya Chama cha Msalaba Mwekundu na mashirika mengine pamoja na wakimbizi wenyewe, ilikuwa ya maswali madogo madogo. Ulitoka mlima gani? Mama alikuitaje? Kanisa lenu lilikuwa na mti gani mbele? Waliotafutwa hawakuwa mzazi/mlezi wa jumla. Alitafutwa mtu mmoja, kwa jina, na asipopatikana mtoto alilelewa na familia nyingine ya wakimbizi, nayo ikawa inatembelewa.

Viwango vya kimataifa vya kulinda watoto katika dharura vinasema mhudumu mmoja asibebe zaidi ya mashauri 25 kwa wakati mmoja. Kambini kiwango hicho hakikuwa kikifikiwa siku zote, kila aliyefanya kazi huko anajua, lakini kilikuwepo, mtu angeweza kukitaja kwenye kikao na kudai. Kwa mtoto wa kijiji jirani, Mtanzania, anayepita na kuni nje ya uzio, hakuna namba ya kutaja. Ni jambo la ajabu kidogo: mtoto aliyepoteza nchi alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuulizwa mama alimwitaje kuliko mtoto wa Katonga ambaye mama yake yuko Kasulu na simu inashika.

Mashirika hayo hayo yametuachia aina nyingine ya maandishi, na kwa kuwa hili ni jarida la simulizi za kweli, nitakaa hapo kidogo. Naisema simulizi ya mafanikio. Utaikuta kwenye ripoti ya mwaka, ukurasa wenye picha. Mtoto ana jina "si lake halisi". Aya ya kwanza ni giza: baba mlevi, mama hajiwezi, nyumba ya udongo. Aya ya pili mradi unafika. Ya tatu ni sare ya shule, daftari na tabasamu, na mtoto anasema anataka kuwa daktari. Kuficha jina ni sawa, na wakati mwingine tabasamu ni la kweli. Kinachonisumbua ni kwamba simulizi hizi zinahitaji familia iwe giza ili mradi uwe mwanga. Bibi aliyemlisha mtoto miaka minne kwa mawese ya kuuza kibaba hana mstari. Mwenyekiti wa mtaa aliyepiga simu hana mstari. Afisa wa halmashauri, ambaye kisheria ndiye mwenye shauri, anatajwa kama "mdau". Na simulizi inaishia siku mradi unapoondoka, kwa sababu mwandishi wake naye anaondoka.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi nchini iliyokuwa ikiwafikia watoto yatima na walio katika mazingira hatarishi ilisimama au kukatwa. Simulizi zilizoandikwa zikabaki na miisho yao mizuri. Nani yumo ndani ya nyumba zile sasa? Wale wale ambao simulizi haikuwapa mistari. Kama tungekuwa tumewaandika, angalau tungejua pa kuanzia.

Kuna maandishi mengine yasiyoandikwa: kikao cha ukoo. Ujiji wanakaa barazani au juu ya mikeka, wazee mbele, na jambo linasemwa mpaka linakwisha. Maafisa wengi hukiogopa kikao hiki, na wana sababu. Hapo ndipo ubakaji unapogeuzwa fidia, msichana anapofungwa mdomo kwa jina la heshima ya ukoo, na siku ya mahakama mashahidi hawaonekani. "Yaishe nyumbani" ni sentensi iliyoua kesi nyingi kuliko wakili yeyote. Ubakaji si jambo la kusuluhishwa, na afisa anayelisema hilo mbele ya wazee, tena akiwa msichana wa miaka 26 aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, anahitaji ujasiri ambao hakuna chuo kinachoufundisha.

Hata hivyo siamini tunaweza kukiacha kikao. Mwaka 1989 New Zealand iliingiza mkutano wa familia pana kwenye sheria yake ya watoto, kwa kusukumwa na Wamaori waliokuwa wamechoka kuona watoto wao wakipelekwa kwa wageni. Utaratibu wao una hatua ambayo ni rahisi kuieleza Ujiji: afisa anaieleza familia hatari ilivyo, bila kuificha, kisha anatoka, wanazungumza wenyewe, kisha wanaleta mpango, nao unakubaliwa kama unamlinda mtoto. Nchi nyingi zimeiga tangu hapo. Sisi tulikuwa nacho kikao kabla yao, ila tumekiacha nje ya jalada, kikafanya kazi yake gizani, nzuri na mbaya pamoja. Ningetaka kirudi kwa masharti ambayo hayana mjadala. Mtuhumiwa asikae kwenye mkeka ule. Shangazi na bibi waseme kabla ya wajomba, maana wao ndio watakaoamka usiku. Na jambo la jinai libaki polisi hata kama ukoo umekubaliana juu ya chakula. Katika shauri letu la Katonga, kikao hakina la kusema kuhusu yule mwanamume wa mwaloni. Huyo ni wa dawati. Kina la kusema kuhusu unga wa Rusimbi, na pengine hakuna chombo kingine chochote kinachoweza kulimaliza hilo kwa jioni moja.

Kuhusu makao ya watoto nitasema kidogo. Yapo watoto wanaoyahitaji, na yapo yanayoendeshwa kwa upendo. Lakini makao yakishajengwa huwa rahisi kuyaandika kwenye pendekezo, kwa sababu yana anwani. Sera ya Serikali inataka yawe mwisho, baada ya ndugu, baada ya familia za kuaminika zinazopokea mtoto kwa dharura, na baada ya kile tunachokiita rasmi malezi ya kambo. Hapa nisamehewe kama msomaji wa hadithi: nani alichagua neno kambo? Katika ngano za Kiswahili mama wa kambo ndiye anayemtuma mtoto mtoni usiku na kumnyima nyama. Unamwendea mwanamke mwema wa Buhanda, una mtoto mkononi, na unamwomba awe mama wa kambo. Ushindani na hadithi zote alizosimuliwa utotoni unaanza hapo hapo mlangoni. Mwambao wenyewe una maneno mengine: kulea, kuhifadhi, kukaa na mtoto wa mtu. "Huyu nakaa naye" husemwa bila kujisifu na kila mtu anaelewa.

Imebaki jambo la jalada lenyewe, na hili ni la vitendo kabisa. Jalada ni la halmashauri. Mtoto wa ziwa si wa halmashauri. Baba yuko Kirando, ambayo ni Wilaya ya Nkasi, mkoa mwingine. Shangazi yuko Ujiji. Mwakani huenda wote wakawa Kalya, Wilaya ya Uvinza. Kila akihama, shauri linaanza upya na swali la kwanza la fomu mpya: Jina la mzazi/mlezi. Afisa wa Kigoma Ujiji anaweza kumpigia mwenzake wa Nkasi kwa simu yake binafsi, kama wanafahamiana, kama walisoma pamoja. Kinachohitajika si mfumo wa kompyuta wa mabilioni. Ni barua ya kurasa mbili inayosafiri na mtoto, yenye majina ya watu watatu waliowahi kumlaza na kumlisha, na nani asikaribishwe karibu yake. Ni fungu la nauli ya boti lililoandikwa kwenye bajeti kwa jina hilo, nauli ya boti, si "uendeshaji wa ofisi". Na ni ruhusa ya kupanga ziara kwa kalenda ya wavuvi. Afisa akienda Katonga usiku wa giza atawakuta wanawake na watoto, ataandika baba hayupo. Akienda siku za mbalamwezi, baba aliyerudi yuko pale pale anashona nyavu, na anaweza kuulizwa.